Spana Nilizozinunua Mara Mbili

Mhariri aliponiandikia kuniomba neno kwa kurasa za Kiswahili za gazeti letu, nilidhani angetaka habari za mto Nile, za mlima wa Jebel Kujur na za mji huu wa Juba ninaokaa sasa. Kumbe hakutaka hayo. Alisema, "Andika jambo ulilolifanya kwa mikono yako mwenyewe." Basi nitaandika juu ya spana. Mimi si fundi wa motokaa. Kazi yangu ni kuandika hesabu katika ghala la wachukuzi wa mizigo, na wenzangu wa darasa watakumbuka kwamba katika karakana ya shule kigoda nilichokitengeneza kilikuwa na miguu mitatu mirefu na mmoja mfupi, hata mwalimu wetu wa useremala akakifanya mfano wa kuwaonya wadogo zetu. Lakini mtu asiye fundi ndiye anayedanganywa dukani, na huenda habari za kudanganywa kwangu zikamfaa kijana anayeanza.

Mwishoni mwa mwaka 2023 nilinunua motokaa kwa mtu wa kwetu aliyekuwa akirudi nyumbani. Ni Toyota Corolla ya mwaka 1998, yenye gia za otomatiki. Kama zilivyo motokaa nyingi za huku, ilitoka Japani, ikashushwa Mombasa, ikapita Kampala na Gulu, ikavuka mpaka Nimule, na ikamaliza zile kilomita 192 za lami mpaka Juba. Usukani wake uko kulia. Tena watu wa huku huendesha upande wa kulia wa barabara, maana Sudan iliacha upande wa kushoto mwaka 1973, na Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 iliendelea vivyo hivyo. Kwa hiyo ukitaka kulipita lori, aliyeketi kushoto kwako ndiye anayechungulia na kukwambia kama njia ni nyeupe. Mimi huwa nachagua abiria wangu kwa uangalifu.

Naishi Gudele, upande wa magharibi wa mji. Mvua za huku huanza karibu na mwezi wa Aprili na kuendelea mpaka Oktoba, na barabara zetu za ndani huchimbika mashimo ya kumlaza mbuzi. Nati hulegea, mabomba hupasuka, na vumbi la kiangazi huziba kila kitu chenye tundu. Mafundi wapo, na wengine ni hodari sana, lakini nilichoka kupoteza Jumamosi nzima nikingoja mtu anifungie nati moja. Nikasema moyoni, nitanunua vyombo vyangu mwenyewe.

Basi Januari 2024 nilikwenda katika soko moja la hapa mjini, nikanunua sanduku. Ndugu zangu, lilikuwa sanduku la kupendeza! Ni la plastiki nyekundu, na ukilifungua vipande 108 vinakuangalia, kila kimoja kimelala katika kitanda chake, vyote vinang'aa kama vijiko vya arusi. Kila kipande kilikuwa kimechapwa maneno ya kusema kwamba ni chuma kilichochanganywa kromu na vanadi, kile chuma kigumu kinachosifiwa na mafundi. Sikufikiri kwamba kuchapa maneno ni rahisi kuliko kuyatimiza. Bei yake ilikuwa ndogo, nami nikaihesabu: gawanya kwa 108, kila kipande ni kama bure. Nilirudi nyumbani nikaliweka sanduku mezani, na wageni waliponitembelea nililifungua ili walione.

Mwezi wa Machi mwaka huo joto lilizidi. Serikali ilifunga shule nchini kote kwa sababu ilitazamiwa kwamba joto lingefika digrii 45, na watoto wa jirani wakawa nyumbani mchana kutwa, wakicheza katika kivuli cha mwembe wetu. Mmoja wao, mtoto wa kiume wa miaka sita, alipenda kukaa karibu na motokaa yangu na kuniuliza kila kitu kinaitwaje. Joto namna hiyo si adui wa watu tu. Huyakausha maji ya betri na kuzila bamba zake za ndani upesi. Tena betri yangu ilikuwa imeota ule unga mweupe wenye rangi ya kijani kidogo mahali waya unapofungwa. Niliuona, nikasema nitausafisha Jumamosi.

Jumamosi haijafika, usiku kama saa saba, mlango wangu uligongwa. Mama wa yule mtoto alikuwa amembeba mwanawe aliyeshikwa na degedege. "Ustaz," akasema, maana ndivyo watu wa huku wanavyomwita kwa heshima mtu wa kalamu, "ustaz, gari." Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Nilimweka kiti cha nyuma, nikawasha. Stata ikalia ta-ta-ta, ikanyamaza. Nikawasha tena, hata sauti hakuna. Motokaa ya gia za otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa, na majirani waliotoka kusaidia walijua hivyo kama mimi.

Nilijua ubaya uko wapi, nami nilikuwa na vipande 108. Nati ya kifungio cha betri ni ya milimita 10. Nilitia tochi mdomoni, nikachukua soketi ya 10 na mpini wake, nikakaza mkono. Soketi ikateleza. Nikarudia, ikateleza tena, na kila ilipoteleza ilikula pembe za nati kidogo. Soketi ile ilikuwa na pembe kumi na mbili za ndani, na chuma chake kilikuwa laini kama cha kijiko cha shule. Mara ya nne au ya tano ilipasuka ubavuni. Nikachukua koleo lililokuwa sandukuni, nalo likaguguna nati mpaka ikawa ya mviringo kabisa. Nikarudi kwenye mpini na kipande kingine kilichokaribia ukubwa ule, na kitu ndani ya mpini kikavunjika. Tangu hapo ukauzungusha huku na huku nao haushiki chochote. Jasho lilinitoka, na nyuma yangu nilimsikia yule mama akimwambia mtoto maneno taratibu kwa Kiarabu cha Juba.

Sikuangalia saa, lakini jirani mmoja aliniambia baadaye kwamba nilishindana na ile nati karibu saa nzima. Mwisho mzee wa nyumba ya pili alikwenda kumwamsha kijana mwenye raksha, ile ya magurudumu matatu, na mama na mtoto wakaenda nayo mpaka Hospitali ya Watoto ya Al Sabah. Nami niliwafuata kwa pikipiki. Ilikuwa malaria. Mtoto alitibiwa, na siku ya nne alirudi nyumbani, amekonda, akauliza kama gari limepona. Mama yake hakunilaumu hata kwa jicho. Alinishukuru kwa kuamka. Shukrani ile niliibeba kwa uzito kuliko tusi.

Asubuhi yake nilimfuata mzee mmoja fundi ambaye kibanda chake kiko karibu na soko la Custom. Mzee huyu alikimbilia Kongo alipokuwa kijana, wakati wa vita vya kwanza vya Sudan, vile vilivyoanza mwaka 1955 na kwisha kwa mapatano ya Addis Ababa ya mwaka 1972. Huko ndiko alikojifunza kazi, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili chake, Kiswahili cha Kongo, ambacho mwalimu wetu wa sarufi angekitia wino mwekundu mwingi. Alikuja na vyombo vichache vilivyofungwa katika kipande cha turubai. Aliitazama nati yangu, akaitazama soketi iliyopasuka, akaniuliza, "Usiku ule, kwako hakukuwa na maji ya moto?"

Nikasema, chai ilikuwamo katika chupa.

"Ungelimwanga pale," akasema, akionyesha ule unga mweupe. "Maji ya moto inakula ile uchafu. Halafu ungetikisa kichwa ya waya kwa mkono. Mara mingi motokaa inawaka."

Sijui kama ingewaka. Lakini aliponiambia vile nilikaa juu ya gurudumu la akiba nikakosa la kusema. Chupa ya chai ilikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokuwa nikihangaika. Siku ile tuliimwagia maji ya moto, na unga wote ukayeyuka na kutiririka mbele ya macho yangu.

Kisha alitoa tupa ndogo, akaipiga nati pande mbili zinazotazamana mpaka zikawa bapa, akaibana kwa koleo la kujikaza, na ikazunguka bila kelele. Akaweka nati mpya. Alipomaliza akaliomba lile sanduku langu jekundu. Alitoa soketi moja moja, akaziangalia ndani kama daktari anayeangalia meno, akazirudisha. "Hii ni ya kuonyesha wageni," akasema, na mimi nikaona haya, maana ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Mambo aliyonifundisha asubuhi ile yalikuwa mengi, nitataja yale yaliyonikaa. Alisema nati ina mbavu sita, basi soketi nayo iwe na mbavu sita, ili ishike ubavuni wala isining'inie kwenye pembe, maana pembe ndizo zinazomalizika kwanza. Ile ya pembe kumi na mbili ina faida yake mahali pembamba, ikiwa chuma chake ni kizuri, lakini si chombo cha kuanzia. Alisema pia kwamba kabla hujalegeza nati iliyoshupaa tumia upande wa ringi wa spana, unaoizunguka nati yote. Mdomo wazi ni wa kuizungusha baada ya kulegea. Na katika kufungua betri waya wa hasi utoke kwanza na urudi mwisho, kwa sababu ukianza na chanya, na spana ikagusa bodi ya gari, utapata cheche za kukutoa machozi na huenda na betri yenyewe ukaiharibu. Mimi usiku ule nilikuwa nimeanza na chanya.

Hapa nisimame kidogo niseme jambo la lugha. Vijana wa mzee yule huita spana "muftah", yaani ufunguo, na namba zake kwa Kiarabu. Mwanzoni niliwasikiliza kama bubu. Siku moja mzee aliagiza ya kumi na mbili, kijana akaitikia neno linalofanana kabisa na "thenashara", na nikashtuka, kwa sababu nililijua! Ndilo neno la Biblia, wale Thenashara, wanafunzi kumi na wawili. Mabibi zetu wa pwani walihesabu hivyo: thenashara, arobatashara, sabatashara. Sisi tuliyaacha maneno haya kwa kuyaona ya kizee, na leo yananisaidia kuombea spana Juba. Spana ya 12, ya 14 na ya 17, nazo kwa bahati ndizo zinazotakiwa sana katika Toyota baada ya ya 10.

Na jambo hili la namba ndilo hasa nililotaka kuliandika. Nilimwomba mzee aniandikie orodha ya vyombo vya kununua. Alikataa. Alisema hajui motokaa yangu itataka nini, wala mimi sijui, ila motokaa yenyewe inajua. Akaniambia nichukue daftari, na kila nitakapoigusa motokaa, au yeye atakapoigusa mbele yangu, niandike ni namba gani iliyotumika. Nifanye hivyo miezi minne, ndipo ninunue. Katika muda huo nikipungukiwa nije niazime kwake.

Mtu wa hesabu hakatai daftari. Toka Aprili mpaka Julai niliandika. Ya 10 ilitumika mara 23: betri, kifuniko cha kisafisha hewa, taa, vibano vidogo vya kila namna. Ya 12 mara 14. Ya 14 mara tisa, pamoja na kizibo cha kumwagia mafuta ya injini. Ya 17 mara tatu, ya 19 mara moja tu, na ya 21, ambayo ni ya nati za magurudumu, mara sita, kwa kuwa barabara za Gudele zilinipasulia mipira. Bisibisi ya msalaba niliishika karibu kila wiki. Ya 13, ya 15, ya 16 na ya 18 hazikuguswa hata mara moja. Katika vipande 108 vya sanduku langu, vilivyopata kazi vilikuwa kumi na moja, na katika hivyo vitatu vilivunjika.

Nilimwuliza mzee kwa nini ya 13 haitakiwi. Alijibu kwamba boliti ileile yenye unene wa milimita nane Mjerumani aghalabu huipa kichwa cha 13, na Mjapani wa Toyota huipa cha 12. Mwenye gari la Kijerumani angeandika daftari lingine kabisa. Tena alifungua sanduku la mbao lililokuwa nyuma ya kibanda, akanionyesha spana nene nyeusi, zilizopimwa kwa inchi, alizozitumia zamani kwa malori ya Bedford na Land Rover za miaka ya 1950 na 1960. Ile ya nusu inchi ni milimita 12.7. Itie katika nati ya 12, itaingia huku ikicheza, nayo itaikata pembe. Itie katika ya 13, haiingii. Chombo kizuri kabisa, na kwa motokaa yangu hakina kazi. Mzee hazitumii tena, lakini huzipaka mafuta kila mwaka.

Nimeisifu sana daftari, lakini kuna kitu kimoja ambacho daftari haikunionya, na kilikaribia kunimaliza. Mwezi wa Mei, mvua zimekwisha kushika, nilitaka kumwaga mafuta ya injini. Niliinua gari kwa jeki uwanjani, juu ya udongo uliokuwa mkavu kwa macho. Nililala chali nikaingia kifua kizima chini yake, nikalegeza kizibo nusu, nikakumbuka kwamba sikuleta beseni. Nilitoka kulichukua jikoni. Nilipokuwa mlangoni nilisikia mlio mmoja, kama gunia la mahindi linapotupwa chini. Jeki ilikuwa imezama upande mmoja katika udongo, ikalala, na Corolla ikashuka pale nilipokuwa nimelala. Ni motokaa ndogo, lakini uzito wake ni karibu kilo elfu moja. Beseni lilinidondoka mkononi.

Nilipomweleza mzee hakucheka. Alinionyesha mkono wake wa kushoto, kidole cha mwisho na cha kabla yake havina ncha. "Spana mubaya inakuchuna ngozi," akasema. "Jeki inakuzika." Jeki ni ya kuinulia tu. Ikisha kuinua, mzigo ukae juu ya kitu kisichojua kushuka. Siku ya pili yake nilinunua stendi mbili za chuma, wala sikungoja miezi minne iishe, na seremala akanikatia ubao mnene wa kuweka chini ya jeki na kabari mbili za kuzuia magurudumu. Nimeona mafundi wengine, hata huko kwetu, wakiegemeza gari juu ya mawe au matofali. Tofali hupasuka ghafula bila kutoa onyo. Kama una fedha za kitu kimoja tu, na unakusudia kulala chini ya gari, kitu hicho ni stendi, hata kama utafungua nati kwa spana ya kuazima.

Mwezi wa Agosti nilipata likizo nikaenda Nairobi, na daftari mfukoni. Mfuko wa pili nilitia boliti tatu kutoka motokaa yangu, ya 10, ya 12 na ya 14, zilizo nzima. Katika maduka ya Kirinyaga Road nilizitoa nikazijaribu kwa kila spana niliyopewa. Ukiivisha boliti na kuitikisa, utasikia kwa vidole kama inacheza. Wenye duka wengine walinikasirikia, mmoja akaniuliza kama nimekuja kununua au kufanya mtihani. Nilimjibu kwamba mtihani niliufanya Machi nikashindwa. Hakuelewa, na sikumweleza.

Nilinunua spana sita zenye ringi upande mmoja na mdomo upande wa pili, kuanzia ya 8 mpaka ya 19, na kuacha zile namba ambazo daftari langu halikuzitaja. Ya 10 nilinunua mbili. Soketi za mbavu sita za namba hizohizo, mpini mmoja mzuri na kiungo kirefu kimoja. Wilispana ya 21 yenye mpini mrefu, kwa sababu mpini ukiwa mrefu maradufu nguvu zako nazo ni maradufu, na nati za gurudumu zilizokazwa na kijana kwa kuruka juu ya chuma hazisikii maombi. Bisibisi za msalaba nilizichagua za namna ya Kijapani: skrubu nyingi za Japani zina kitone kidogo kichwani, na bisibisi ya kawaida ya msalaba huziparua. Koleo mbili, nyundo, brashi ya waya, kipimo cha upepo wa magurudumu, na kipima umeme kidogo ambacho kingeniambia hali ya betri wiki nzima kabla ya usiku ule. Baadhi ya spana nilizinunua zilizokwisha kutumika, baada ya kuangalia kama midomo yake haijapanuka. Chuma kizuri kilichochakaa rangi ni bora kuliko chuma kibaya kinachong'aa. Kuna na ile spana moja yenye mdomo wa kujipanua, inayoingia katika kila nati na kutokuwa mwaminifu kwa hata moja. Mafundi wa Afrika Mashariki wameipa jina ambalo mhariri hataniruhusu kuliandika hapa, wakubwa wanalijua. Sikuinunua.

Vyote hivi vilinigharimu zaidi ya lile sanduku jekundu, si maradufu, lakini zaidi. Fundi cherehani wa Konyo Konyo alinishonea turubai lenye mifuko, nikavikunja humo kama mzee wangu wa Custom. Breki na usukani sivigusi. Navipeleka kwake, nasimama pembeni, naandika namba katika daftari. Fedha ninazookoa kwa kujitengenezea mwenyewe si nyingi kama watu wanavyodhani, na anayekuahidi utajiri kwa njia hii hajapata kununua mafuta ya injini.

Mwalimu wetu wa useremala alikuwa na ubao ukutani ambapo kila chombo kilichorewa kivuli chake kwa rangi nyeusi, na kengele ilipolia tulihesabu vivuli vilivyo wazi kabla ya kuruhusiwa kutoka. Nimetengeneza ubao kama ule upande wa ndani wa mlango wa ghala langu dogo, kwa spana zile zinazokaa nyumbani. Mara nyingi kivuli cha ya 10 ndicho kilicho wazi. Jana jioni yule mtoto wa jirani, ambaye sasa anasoma na amepoteza meno mawili ya mbele, alikuja mbio akasimama mlangoni. Kijana wa raksha ndiye aliyemtuma. Raksha imekataa kuwaka, na wanaomba muftah ashara. Nilimpa ile ya pili, nikajaza maji ya moto katika chupa ya chai nikamkabidhi nayo pia. Chupa imerudi. Spana naingoja.